Mzigo wa Ndugu Hauchomwi Bambo

Chapwa,
Tunduma, Songwe.
Alhamisi, 17 Oktoba 2024.

Mpendwa kaka Lusubilo,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimetulia. Unakula vizuri? Samaki wa ziwani wanakutosha, au bado unaota maharage ya Mbebe? Nyumba uliyohamia haivuji?

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto analisahau na kuzunguka nalo Mlowo nzima akitafuta mahindi. Mimi pia mzima wa mwili. Vumbi la Oktoba unalijua. Foleni ya malori imerudi nyuma hadi kwetu, na nguo tukianua kambani zote zimekuwa za rangi moja.

Nimeanza kwa salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Lakini nina hasira nawe, na nimeona nikuambie mapema, usije ukadhani barua nzima itakuwa ya goti la mama.

Usinipigie simu ukifika hapa. Kwenye simu utasema, "Poa mdogo wangu, nimekuelewa," kisha utakata. Na mama naye ana tabia ya kuchukua simu yangu na kuomba asomewe. Haya ni maneno ya karatasi, yasome mpaka mwisho.

Kesho saa sita mchana ndipo nitajua kama bado nina kiti pale ofisini.

Unaikumbuka ofisi yetu ya uwakala wa forodha, ya Bi Imelda, nyuma ya maegesho ya malori. Mimi napokea madereva, napanga nyaraka zao na kujibu simu. Ofisi ina tovuti iliyotengenezwa na kijana mmoja ambaye baadaye alivuka mpaka na hajaonekana tena. Kwenye kompyuta inapendeza. Kwenye simu ni aibu tupu: picha ya lori imekalia namba zetu, na maandishi yamepandana mstari juu ya mstari. Sasa niambie, dereva anayetoka Ndola anatembea na kompyuta? Anafungua simu, haoni namba, anaenda kwa jirani.

Tarehe 27 Septemba Bi Imelda aliniita mezani kwake. Akasema amepata kijana wa Mbeya anaitwa Brayan, anayejua kurekebisha tovuti na kupanga nyaraka pia, na yeye hana haja ya watu wawili kwa kazi ya mmoja. Kaka, mdomo ukaniponza. Nikasema, "Bi Imelda, hata mimi naweza."

Akanitazama juu ya miwani. "Unaweza, Tumpale, au unatamani kuweza?"

"Naweza."

Akanipa wiki tatu, mpaka Ijumaa ya tarehe 18, saa sita mchana. Ukurasa ukifunguka vizuri kwenye simu, nabaki. Usipofunguka, Brayan anaanza Jumatatu, na kiti atakachokalia ni hikihiki changu.

Na nilijua nini mimi? HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, niliisoma miezi mitatu kwenye kozi kule Vwawa. CSS, ile lugha yenyewe ya kupanga na kupamba ukurasa, mwalimu aliigusa wiki ya mwisho huku anakusanya madaftari. Nilijua kubadilisha rangi ya maandishi tu.

Najua utasema mambo haya yamejaa mtandaoni bure. Simu yangu ilianguka Agosti, nusu ya chini ya kioo ni nyeusi tii. Intaneti ya ofisi ni ya mfumo wa forodha tu, na ole wako Bi Imelda akukute na video. Kompyuta alinipa saa moja kwa siku, tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili, kabla ofisi haijafunguliwa. Nilihitaji kitu cha karatasi. Nisome nyumbani, niandike kwa penseli kwenye daftari, nikikaa mbele ya kompyuta niwe tayari ninajua ninachokiandika.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Watson, yule mstaafu anayeuza vitabu vya mtumba karibu na stendi. Mezani kwake nilikuta vitabu vitatu vya CSS, vyote vya Kiingereza, kama kawaida yetu. Cha kwanza kinene, karibu kurasa mia saba, jalada gumu. Cha pili kina picha za rangi kila ukurasa, tovuti nzurinzuri za watu. Cha tatu chembamba, hakina jalada kabisa, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu.

Nilivipanga vyote mezani, nikapiga picha, nikakutumia. Nikakuandikia, kwa kupapasa herufi kwenye ile nusu nyeusi, kwamba kazi yangu imekalia uamuzi huu, nichukue kipi. Hukuchukua hata dakika moja. Ulijibu, "Chukua kinene. Hicho ndicho."

Sasa nikukumbushe jambo unalolijua, maana ndilo lililoniponza kwa mara ya pili. Mama ananunua mahindi mwaka wa ishirini huu, na hajawahi kukubali gunia bila kulichoma bambo, kile chuma chenye ncha kinachoingia na kutoka na punje za ndani. Anachoma juu, anachoma kiunoni, anachoma chini. Lakini akija ndugu na gunia lake, bambo linabaki kwenye mkoba. Mzigo wa ndugu hauchomwi bambo. Ukiuchoma, umemwita mwizi mbele ya watu. Mimi na wewe tumekua na neno hilo.

Na wewe ndiye ndugu yangu, kaka yangu, fundi wa tovuti wa Mwanza ambaye mama humtaja kanisani akishukuru. Ulisema kinene, basi ni kinene. Sikukifungua katikati. Nilisoma kurasa nne za mwanzo nimesimama palepale, nikaona zinaeleweka, nikakikumbatia nikaondoka nacho. Kile chembamba sikukigusa hata kwa kidole. Nilikiona kama kitabu cha mtu aliyefilisika.

Siku kumi na mbili, kaka. Kila jioni nilikaa uani jua likiwa bado lipo, naandika, nafuta, naandika. Sikuwahi kusoma hivyo hata mwaka wa mtihani wa kidato cha nne. Nilijifunza rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Nikajifunza kuukata ukurasa vyumba vyumba kwa majedwali na kuupa upana usiobadilika, pikseli mia saba na sitini. Kila zoezi lilikubali kwenye kompyuta. Nilikuwa naimba njiani.

Alhamisi iliyopita nikaiweka kazi hewani. Kwenye kompyuta ilikaa barabara, hata Bi Imelda akasema, "Mh." Kisha akatoa simu yake mkobani.

Ukurasa mzima ulikuwa umesinyaa, herufi za kusomea kwa sindano. Ukikuza upate kusoma, nusu ya namba inatoka nje ya kioo, lazima uuburute pembeni. Na tulikuwa hatujamaliza kutazama dereva mmoja wa Zambia akaingia, jasho linamtoka, akatusalimu kwa Kibemba akimwita Bi Imelda mama. "Mwapoleni mukwai. Bamayo, namba yenu ina tarakimu sita tu? Napiga tangu asubuhi haiiti." Alikuwa ameona nusu, akapiga nusu.

Bi Imelda hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi. Alichukua simu ileile akampigia Brayan mbele yangu, akamwambia aanze kujiandaa na safari.

Nilikaa chooni nikalia, nakuambia wazi. Sikulilia kazi peke yake. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimefanya kila kitu kilichoandikwa, bila kuruka mstari, na bado nilikuwa nimefanya upumbavu.

Jumapili mama alikuja baada ya ibada, ameniletea unga na ndizi. Akakiona kitabu juu ya meza. Akakipakata, akakipima uzito kwa viganja viwili kama anavyopima debe.

"Hiki ndicho kinakukondesha?"

Nikamweleza yote. Mama hajui CSS wala haijali, lakini alisikiliza kama anavyomsikiliza mkulima anayeeleza kwa nini mahindi yake yana unyevu. Akaniuliza swali moja tu.

"Ulichoma bambo wapi?"

Nikasema sikuchoma. Kaka Lusubilo ndiye aliyechagua, na mzigo wa ndugu hauchomwi bambo, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Mama akanishangaa, kaka. Akanishangaa kweli, kama mtu aliyegundua mwanawe hajui kufunga kamba za viatu.

"Hauchomwi mbele yake," akasema. "Akishaondoka, unachomwa. Wewe ulidhani miaka yote hii nilikuwa nakula hasara za kina mjomba wako?"

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, huku machozi yananitoka. Nina miaka ishirini na saba, na siku zote nilikuwa na nusu ya kanuni tu.

Jumatatu ilikuwa mapumziko. Nilikibeba kinene mpaka kwa Mwalimu Watson, nikitaka anibadilishie. Akanikatalia kwa mikono yote miwili. "Hicho usinirudishie, binti. Kimeshanirudia mara tatu. Kila anayekinunua anakirudisha, na mimi meza yangu ni ndogo."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba sikumwuliza yeye, nilimwuliza mtu wa kwenye simu. Ni kweli, kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa nimemrukia aliyekuwa amesimama mbele yangu. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, huku anapanga vitabu vyake: "Wa kwanza kabisa kukileta alikuwa kijana mmoja wa Mlowo. Mrefu. Alikuwa anaenda Mwanza."

Ndani ya jalada, juu kushoto, pana karatasi nyeupe iliyobandikwa. Siku zote nilidhani ni bei ya zamani. Nikaibandua kwa ukucha. L. Mbonile, kwa ile L yako yenye mkia.

Nilikaa kwenye benchi la Watson nikakifungua upya. Kumbe zile alama za penseli nilizokuwa nafuata kama alama za mwalimu ni zako. Ziko nyingi mwanzoni, nyingine una ugomvi na mwandishi kabisa. Zinapungua. Ukurasa wa sitini na nne umeandika neno moja, "Kesho." Kutoka hapo mpaka ukurasa wa mia saba hakuna hata nukta moja.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira ilipo. Sina hasira kwa kuwa uliishia ukurasa wa sitini na nne. Machi mwaka huu dereva mmoja wa Mwanza alikaa ofisini kwetu akisubiri nyaraka, akaniambia anamfahamu Mbonile mmoja anayeuza makava ya simu sokoni, kijana mpole, wa Mbozi. Nilijua ni wewe. Sikumwambia mama, wala wewe sikukuuliza. Kuuza makava si wizi. Hasira yangu ni kwamba nilikuambia kazi yangu imekalia jibu lako, na wewe ulikitambua kitabu kwenye picha, kitabu chako mwenyewe kilichokushinda, na bado ukanipa. Ulishindwa nini kuniandikia maneno mawili, "Sijui, Tumpale"? Ningekuheshimu vilevile. Na ningekuwa na siku zangu kumi na mbili.

Nimelisema, limetoka. Naendelea.

Nilimwomba Watson anipe saa moja na vitabu vyake viwili vilivyobaki. Akasema, "Kitabu si gunia, usikikunje." Nikamwambia leo ni gunia.

Nilichoma juu: mwaka wa kuchapwa. Kinene ni cha mwaka 2003, kaka. Mwaka huo mama alikuwa anaenda mpaka posta kupiga simu. Mwandishi wa kinene si mjinga, aliandika kwa ajili ya watu wa kompyuta za mezani, na madereva wangu wa Ndola hakuwahi kuwaota. Chenye picha ni cha 2014. Chembamba ni cha 2019, mwaka wenyewe umeandikwa ukurasa wa pili, kwa kuwa wa kwanza ulichanika pamoja na jalada.

Nilichoma chini: faharasa. Nilikuwa na shida moja tu mkononi, picha iliyokalia namba kwenye kioo kidogo. Nikatafuta neno la simu. Kwenye kinene, kurasa mia saba zote, halimo hata mara moja. Kwenye chenye picha limo mara mbili, na mara zote mbili ni picha ya simu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kitabu kile kimejaa vinavyoelea, lakini namna ya kuunda hakionyeshi. Kwenye chembamba neno limo mara kumi na tisa.

Kisha nikachoma kiunoni. Nilifungua chembamba katikati kabisa, ukurasa wa themanini na nane, nikafanya zoezi lake kwenye daftari bila kusoma vilivyotangulia. Kilikuwa kinaeleza jinsi ya kuuambia ukurasa: kioo kikiwa kipana, panga vitu hivi mstarini, kikiwa chembamba, viteremshe kimoja chini ya kingine. Mistari saba. Niliielewa yote ila mmoja, na ule mmoja kilinielekeza niurudie ukurasa wa arobaini. Nikarudi, nikaukuta.

Watson alikuwa ananitazama muda wote. Akasema, "Miaka thelathini nimefundisha jiografia, na vitabu vya kiada tulikuwa tunachaguliwa na mtu wa mbali." Akanifungia chembamba kwenye gazeti.

Jumanne, Jumatano na leo nimekaa nacho. Kila mstari nimeuandika kwa mkono kwanza. Leo asubuhi nimeiweka kazi mpya hewani. Kwenye kompyuta, nikilibana dirisha la ukurasa liwe jembamba, vitu vinateremka kimoja kimoja, na namba inakaa juu ya picha. Lakini simu halisi sijaijaribu. Yangu haifai, na Bi Imelda leo yuko Vwawa na yake. Kesho atafungua yeye kwanza, mimi nikitazama uso wake.

Nimeshindwa kula. Naiacha barua wazi hapa.

Jumamosi, 19 Oktoba, asubuhi.

Kaka, naendelea nilipoishia.

Jana Brayan aliwahi. Nilimtegemea leo, nikamkuta saa tano amekaa kwenye kiti cha wageni na mkoba magotini, ameshapewa chai. Nilitaka awe na kiburi nipate kumchukia vizuri, lakini akasimama akanisalimia, "Dada, habari za kazi," na kikombe mkononi. Nikajibu nzuri. Nilikuwa nahesabu malori dirishani nisimtazame.

Saa sita kamili Bi Imelda akavua miwani, akaivaa, akatoa simu. Akafungua. Kisha akanigeuzia kioo.

Ulikuwa ukurasa ule wa zamani, kaka. Ule uliosinyaa, wenye nusu ya namba.

"Tumpale," akasema, "wiki tatu."

Sikusikia kilichofuata. Nilijua nimeiweka kazi hewani, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nikamtazama Brayan bila kutaka, naye akawa ananitazama. Yule kijana alijua tatizo liko wapi. Niliona kabisa anajua, na niliona ameamua kunyamaza aone kama nami najua.

Ndipo nikakumbuka lile bambo la chini. Jumatatu nilipokuwa natafuta faharasa, nilipita ukurasa wa mwisho wa chembamba, mahali pa makosa ya kawaida, nikasoma mistari miwili mitatu tu kwa kuchungulia. Simu iliyowahi kufungua ukurasa huweka nakala ya mapambo ya zamani, na inaweza kuendelea kuonyesha nakala hiyo hata kama wewe umeshabadilisha.

Nikasema, "Bi Imelda, simu yako imetunza ile ya wiki iliyopita. Naomba tufungue kwenye simu ambayo haijawahi kuingia hapa."

"Sasa hivi imekuwa kosa la simu yangu?"

"Naomba simu moja tu. Ikikataa, nakusanya vitu vyangu mwenyewe."

Bi Imelda akaenda mlangoni, akamwita dereva wa kwanza aliyemwona kivulini, mzee mmoja wa Kizambia mwenye simu ndogo ya bei rahisi, kioo kimekwaruzika. Akamtajia anwani yetu herufi kwa herufi. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Mzee akaisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha tena.

"Ee mukwai," akasema. "Lori naiona. Namba naiona, iko juu. Nibonyeze?"

Bi Imelda akasema, "Bonyeza."

Akabonyeza. Na simu ya mezani kwangu ikalia.

Hakuna aliyeipokea. Iliita mpaka ikakatika, sote tumesimama tunaitazama. Mzee wa Kizambia akauliza kama amekosea.

Bi Imelda alikaa chini. Akamgeukia Brayan, "Baba, chai umemaliza? Nauli yako ya kurudi Mbeya nakupa." Kisha mimi: "Na wewe Jumatatu uje saa mbili, kama watu. Hii ya saa moja uiache, umeme unaliwa." Huyo ndiye Bi Imelda, pongezi yake ndiyo hiyo. Nilisaini mkataba wa mwaka mzima jana hiyohiyo, saa tisa alasiri.

Brayan alipokuwa anatoka aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwonyesha kile kisicho na jalada. Akakifungua katikati, akatikisa kichwa, akanirudishia kwa mikono miwili. Siwezi kumchukia tena, nimejaribu.

Nimempelekea mama habari leo alfajiri kabla hajaenda mnadani. Alipiga kigelegele kimoja, akasema Mungu ni mwema, kisha akauliza, "Lusubilo naye amefurahi?" Nikasema atafurahi akisikia. Lile la karatasi iliyobanduliwa sijamwambia, wala sitamwambia.

Hasira yangu imepungua sana, nikuambie ukweli. Jana jioni nilikifungua tena kinene pale ukurasa wa sitini na nne. Mwaka ule ulikuwa na miaka ishirini na moja, hukuwa na kompyuta hata ya saa moja asubuhi, na ulikuwa unasoma kitabu kilichokwisha kuzeeka, peke yako, bila mtu wa kukuambia kwamba kilichoshindwa ni kitabu. Ukadhani ni wewe. Nami nililia chooni nikidhani ni mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipata mama wa kuniuliza nilichoma wapi.

Kinene nimekiweka chini ya kompyuta ya ofisi. Kioo kimeinuka sawasawa na macho yangu, shingo imeacha kuniuma. Kwa hiyo hukunishauri bure.

Kwenye kifurushi hiki utakuta maharage ya mama, debe dogo, na chini ya maharage kitabu chembamba kilichofungwa kwa gazeti. Ni chako. Mimi nimeshakinakili chote kwenye madaftari matatu, na Watson ameahidi kuniangalizia kingine. Nimekishonea jalada la kitenge. Usinishukuru, wala usiniambie utakianza kesho. Kichome bambo kwanza: juu, kiunoni na chini. Najua ni mzigo wa ndugu, lakini niko mbali, sikuoni.

Msalimie wifi Anyosisye na mtoto. Mwambie Tabita, yule jirani yenu wa Ileje, kwamba mama yake anaendelea vizuri na mguu umefunguliwa bandeji. Huku wanakusalimu mama, Mwalimu Watson, na mjomba Ambilikile, ambaye usimweleze hata siku moja habari za bambo.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe afya, na akutulizie moyo pale unapojiona umechelewa.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi mama ameniuliza tena, amesimama mlangoni na bambo lake mkononi, huko Mwanza Lusubilo anafanya nini hasa siku hizi. Nimemwambia unasoma.

Usinifanye mwongo, kaka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata nikikasirika,

Tumpale Mbonile